Namna ya Kuhukumu Vita dhidi ya Viumbe wa Sayari Nyingine: Mwongozo kwa Wanaoendesha Vikao vya Kutazama Tamthilia Mombasa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu, mzazi, kiongozi wa kikundi cha vijana, au mtu mwingine yeyote hapa Mombasa ambaye huwakusanya watu mbele ya skrini ili watazame tamthilia ya sayansi bunilizi na kisha wazungumze juu ya walichokiona. Tamthilia hizo zimejaa vita. Chombo cha binadamu hukutana na chombo cha viumbe wasiojulikana, miale hurushwa huku na huku, chombo cha adui hupasuka vipande vipande, na ukumbini watu hupiga makofi bila mmoja wao kuuliza ndani ya chombo kile walikuwamo nani. Naamini kwamba swali hilo lapasa kuulizwa, tena kwa utaratibu, kwa kuwa vijana wetu wengi hukutana kwa mara ya kwanza na dhana ya adui asiyestahili huruma katika hadithi za namna hii, miaka mingi kabla hawajasoma hata kifungu kimoja cha sheria za vita.

Yapo maswali mengi yanayoweza kuulizwa, lakini kuna moja ambalo ningependa litangulie yote: je, adui huyu amepewa njia ya kusalimu amri, na akisalimu, yuko wa kumsikia? Sababu ya vita, aina ya silaha na hali ya mateka ni mambo mazito, nayo nitayagusa, ila yote huhukumiwa vizuri zaidi baada ya swali hilo kujibiwa. Katika vita vya kweli adui tunamkuta alivyo. Katika tamthilia adui ameumbwa na mwandishi, na mwandishi huyo ndiye aliyeamua kama kiumbe wake atakuwa na ulimi, watoto, hofu na uwezo wa kubadili nia. Kwa hiyo anayetaka kuhukumu vita hivi kwa haki ana washtakiwa wawili mbele yake, yaani kamanda aliyetoa amri ya kufyatua na mwandishi aliyemwekea shabaha.

Kuchagua kipande na mahali pa kukisimamisha

Usianze na filamu ndefu ya mapigano. Chagua kipindi kimoja cha tamthilia, cha muda wa saa moja au pungufu, ambacho ndani yake binadamu anayo nafasi ya kujua zaidi kuhusu adui kabla ya kuua. Uchaguzi wangu wa kwanza huwa ni kipindi cha Star Trek kilichorushwa nchini Marekani mwezi Machi 1967, kinachohusu mgodi ulio chini ya ardhi ya sayari iitwayo Janus VI. Wachimbaji wanauawa mmoja baada ya mwingine na kiumbe anayepenya mwamba kwa tindikali inayotoka mwilini mwake. Mwili wake ni wa asili ya silikoni, elementi iliyomo katika mawe na mchanga, na hivyo vyombo vya kawaida vya kupima uhai havimtambui kwa urahisi. Kapteni Kirk, kiongozi wa chombo cha angani cha binadamu, anaitwa amwangamize.

Kitazame peke yako kwanza, kisha amua mahali pa kukisimamisha. Mimi hukisimamisha pale ambapo Kirk amekwisha kuwaamuru watu wake waue, na Spock, msaidizi wake, amependekeza kwamba huenda ingewezekana kumkamata kiumbe yule akiwa hai. Washa taa, mpe kila mshiriki karatasi, na umtake aandike hukumu yake kwa sentensi moja pamoja na sababu moja. Usiruhusu majadiliano bado. Karatasi hizo zikusanywe na ziwekwe mahali wanapoziona, kwa sababu bila maandishi watu husahau walivyokuwa wepesi wa kuhukumu, na baada ya ukweli kudhihirika kila mmoja hudai kwamba alishuku tangu mwanzo.

Kisha endelea. Itabainika kwamba kiumbe yule ni mama, wa mwisho wa kizazi chake, anayelinda mayai yake, na kwamba mawe ya mviringo ambayo wachimbaji walikuwa wakiyavunja kwa maelfu ndiyo mayai yenyewe. Katika kikao kimoja kilichofanyika kwenye ukumbi wa nyumba moja ya Kibokoni, msichana wa kidato cha pili aliinua mkono wakati huo na kusema, "Mwalimu, naomba urudishe nyuma. Lile jiwe lilikuwa juu ya meza ya mkubwa wa mgodi tangu mwanzo." Tukarudisha, na ni kweli, jiwe lilikuwa pale pale mezani katika maongezi ya mwanzo, Spock akilichukua na kuligeuzageuza mkononi huku watu wakizungumza juu ya maiti na hasara. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akamwambia, "Mwanangu, hata mimi nililiona, nikadhani ni pambo." Wape watu muda wa kukaa na jambo hilo. Ushahidi ulikuwapo, umeshikwa mkononi, na mkubwa wa mgodi alipoulizwa ni kitu gani alijibu kwamba ni jiwe tu lisilo na thamani.

Jambo jingine la kuwaonyesha katika kipindi hicho ni lile ambalo wengi hulipita. Kirk anapokutana na kiumbe yule ana kwa ana, anaanza kusita na kutafuta njia ya kuelewana naye, ilhali Spock, yule yule aliyetaka ahifadhiwe, anamsihi kwa redio amuue upesi kwa kuwa rafiki yake sasa yumo hatarini. Waulize washiriki: je, msimamo wa Spock ulibadilika kwa sababu alijua jambo jipya kuhusu kiumbe, au kwa sababu ya mtu anayempenda? Swali hilo huwafikisha watu mbali kuliko mawaidha marefu, maana karibu kila mtu anaweza kumtaja mtu ambaye kwa ajili yake angesahau kanuni zake zote.

Kumsikia upande wa pili

Msema pweke hakosi, na katika tamthilia nyingi za vita binadamu ndiye msema pweke. Mbinu ya kuliondoa tatizo hili ni kumteua mshiriki mmoja, kabla ya onyesho, awe wakili wa adui. Kazi yake si kumtetea kwa kila hali. Kazi yake ni kueleza, kwa kutumia yale tu yaliyoonekana kwenye skrini, vita hivi vilianzaje kwa macho ya upande ule. Kwa washiriki Waislamu mfano ulio karibu ni agizo la Mtume kwa Ali alipotumwa Yemen kuwa kadhi, kwamba asihukumu baina ya wawili mpaka amemsikia wa pili kama alivyomsikia wa kwanza. Mwanasheria yeyote wa hapa atakuambia kwamba mahakama zetu zinafuata kanuni iyo hiyo.

Wakili huyo atapata kazi nzuri katika kipindi kingine cha Star Trek cha Januari 1967, ambamo kituo cha binadamu kilichoko Cestus III kinateketezwa na viumbe wenye umbo la mijusi waitwao Gorn. Kirk anawafukuza kwa hasira akitaka kulipiza, na baadaye tu, akiwa amelazimishwa kupigana na kapteni wao peke kwa peke, anasikia kwamba kwa hesabu za Gorn kituo kile kilijengwa ndani ya eneo lao na waliokijenga walikuwa wavamizi. Anapopata nafasi ya kumuua, anakataa. Zingatia kwamba tamthilia haisemi kuwa Gorn walikuwa na haki ya kuwaua watu wa kituo kile, wala wakili wao hana haja ya kulidai hilo. Inatosha kuonyesha kwamba palikuwa na mashtaka ambayo hayakusomwa.

Babylon 5, tamthilia iliyoendelea hadi 1998, inatoa mfano mchungu zaidi. Wapiganaji wa Minbari, jamii ya viumbe wa sayari nyingine, hukaribia chombo cha wageni wakiwa wamefungua matundu ya mizinga yao, na kwao hiyo ni alama ya heshima, kwani wanaonyesha silaha zao bila kuficha. Binadamu wanaona mizinga iliyo wazi, wanafyatua kwanza, na kiongozi mkuu wa Minbari anauawa. Delenn, Minbari aliyempenda kiongozi yule kama mwalimu wake, anatoa kura ya vita akiwa katika uchungu, na vita hivyo vinakaribia kuwamaliza binadamu wote. Hapa binadamu ndio waliokosea na ndio pia wanaofanyiwa ukatili unaopita kiasi, kwa hiyo usimwache mshiriki yeyote ashike upande mmoja kwa wepesi.

Sisi wa kisiwa hiki tunao mfano wetu wenyewe, na ni vizuri kuutaja kwa kifupi. Mwaka 1589 Mombasa ilibanwa kwa pande mbili, Wareno kwa bahari na Wazimba kutoka bara, na wakazi wengi waliangamia. Habari za Wazimba zilizotufikia zimetoka kwa Wareno, nazo zinawaeleza kuwa walaji wa watu waliokuja wakimaliza kila kilicho hai. Huenda walikuwa wakatili kweli, kwani miji haiteketei kwa maneno. Hata hivyo sauti ya Mzimba mwenyewe haimo katika kumbukumbu hizo, na Wareno walioandika ndio walioshirikiana nao katika shambulio lile. Mshiriki akilielewa hili, ataitazama kwa jicho jingine kila tamthilia ambayo adui wake ananguruma tu.

Je, adui anaweza kusalimu amri?

Sasa lirejee lile swali kuu, na ulitumie kuwapanga maadui wa tamthilia mnayoitazama. Wapo wanaosema, wanaopanga na wanaoweza kubadili nia, kama Gorn na Minbari. Kwa hao sioni sababu yoyote ya kulegeza sheria ambazo binadamu wamejiwekea wao kwa wao. Umbo la mjusi halimpunguzii mtu haki ya kutendewa kama mtu, ikiwa anaweza kuahidi na kutimiza ahadi.

Wapo wasioweza kuchagua kabisa, kama mashine iliyopangwa kuua au mnyama anayefuata njaa yake. Hao wanaweza kuzuiwa hata kwa kuuawa, lakini katika vita vyao maneno ya chuki, kisasi na adhabu hayana mahali pa kukaa. Mbwa mwenye kichaa huuawa ili watoto wa mtaa wasiumwe, wala hakuna anayemtukana kwa uovu wake au kuwatafuta watoto wake ili nao waonje uchungu. Ukiona kamanda katika tamthilia anamchukia kiumbe ambaye tamthilia yenyewe imekwisha kusema hana hiari, simamisha picha na uulize chuki hiyo imetoka wapi. Mara nyingi utagundua kwamba mwandishi anataka faida mbili kwa pamoja: adui asiye na hiari ili kumuua kusiwe na lawama, na adui mwenye uovu ili kumuua kuwe na utamu. Mambo hayo mawili hayawezi kukaa katika kiumbe mmoja, na mshiriki anayeweza kuyatenganisha amekwisha kupata sehemu kubwa ya elimu iliyokusudiwa.

Kundi gumu kuliko yote ni la wale waliokuwa na hiari wakanyang'anywa. Borg wa Star Trek ni nusu mwili na nusu mashine, nao huteka jamii nyingine na kuwaunganisha watu wake katika akili moja. Kila mpiganaji wa Borg kwa hiyo ni mateka aliyevishwa silaha. Mwaka 1990 tamthilia ilimwonyesha hata Picard, kapteni wa chombo cha binadamu, akitekwa, akitumiwa dhidi ya watu wake, kisha akaokolewa na kurudishwa katika hali yake. Tangu siku hiyo hakuna mtu katika hadithi ile anayeweza kudai kwamba hakujua Borg anaweza kurudi kuwa mtu. Kujilinda nao bado ni halali, na pengine hakuna njia ila kuua. Lakini anayeua kwa kujua kwamba anamuua mateka anapaswa kuua kwa kiasi kidogo kinachowezekana, na kuendelea kutafuta njia nyingine hata baada ya ushindi.

Kuna pia wale ambao uhai wao unategemea kifo chetu. Wraith wa Stargate Atlantis, tamthilia ya 2004 hadi 2009, wana akili na wanaweza kujadiliana, ila chakula chao ni uhai wa binadamu. Haki ya kujilinda hapa haina shaka. Mzozo unaanza pale binadamu wanapotengeneza dawa ya kumgeuza Wraith kuwa binadamu. Katika kipindi cha 2006 wanamdunga mmoja bila ridhaa yake, kumbukumbu zake zinafutika, wanampa jina la Michael, na wanamdanganya kwamba yeye ni mwanajeshi mwenzao. Washiriki wengi huona dawa hiyo ni huruma kuliko risasi. Waulize basi kwa nini ilibidi adanganywe.

Katika sehemu hii ya mjadala wasikilizaji wa Pwani wana hazina ambayo haitumiwi ipasavyo. Sisi tumekua na habari za majini, viumbe wasio binadamu wenye akili na dini, ambao baadhi yao ni wema na baadhi ni waovu, na ambao kila mmoja wao atahesabiwa kwa matendo yake. Sura ya 72 ya Kurani inasimulia kundi la majini lililosikia kisomo likaamini. Mtu aliyelelewa na habari hizo hahitaji kufundishwa kwamba kiumbe asiye na umbo letu anaweza kuwa na wajibu na haki. Waombe wazee waliopo waeleze walivyofundishwa kuhusu kuishi na viumbe hao, usije ukachukulia kwamba maarifa yote kuhusu suala hili yametoka katika studio za Marekani na Uingereza.

Baada ya hapo mgeukie mwandishi. Dalek wa Doctor Who, tamthilia ya Uingereza iliyoanza 1963, waliumbwa ndani ya hadithi na mwanasayansi aitwaye Davros ili wasijue huruma. Mlango wa kusalimu amri umefungwa na mtengenezaji wao, na nyuma yake yuko mwandishi aliyetaka ufungwe. Hilo si kosa lenyewe. Linakuwa kosa pale tamthilia inapomfanya mtazamaji azoee kuwaona hivyo watu wa kweli, ambao mlango wao haujafungwa na yeyote.

Silaha ya kumaliza wote

Ukiwa na nafasi ya kufanya vikao vitatu au vinne, tenga kimoja kwa suala hili peke yake, kwa sababu tamthilia tofauti zimelirudia kwa namna inayofanana mno. Daktari, shujaa wa Doctor Who, katika hadithi ya 1975, anasimama na nyaya mbili mkononi. Akizigusanisha, Dalek wote wanateketea kabla hawajatoka walikoumbwa. Anajiuliza kama ana haki hiyo, na mwenzake Sarah Jane anamhimiza amalize. Picard wa 1992 anampata kijana mmoja wa Borg aliyejeruhiwa na anapanga kumrudisha kwao akiwa na programu itakayoiharibu akili yao yote. Makamanda wa Battlestar Galactica, katika kipindi cha Novemba 2006, wanagundua ugonjwa unaowaua Cylon, adui zao, na wanapanga kuwaua mateka wagonjwa mahali ambapo ugonjwa utaenea kwa jamii yao yote. Katika Star Trek: Deep Space Nine, iliyomalizika 1999, idara ya siri ya binadamu imewaambukiza viongozi wa adui ugonjwa wa kuwamaliza.

Waeleze washiriki sheria kabla hawajapiga kura. Mkataba wa mwaka 1948 dhidi ya mauaji ya halaiki unaharamisha vitendo vinavyofanywa kwa nia ya kuangamiza, kwa ukamilifu au kwa sehemu, jamii ya kitaifa, kikabila, kirangi au kidini. Mkataba wa 1972 unapiga marufuku kutengeneza na kuhifadhi silaha za kibayolojia. Ni kweli kwamba hakuna mkataba unaowataja viumbe wa sayari nyingine. Lakini nia ndiyo kiini cha kosa la halaiki, na nia hiyo haibadiliki kwa kubadilika kwa umbo la anayeuawa. Wenye elimu ya dini watakumbuka pia maagizo ya Abubakar kwa jeshi lililokwenda Sham, kwamba wasiue wanawake, watoto wala wazee, wala wasikate miti ya matunda. Ugonjwa hauwezi kupewa amri hiyo ukaitii.

Hata hivyo usifanye mjadala uwe mwepesi kuliko ulivyo. Cylon, ambao si wageni bali mashine zilizotengenezwa na binadamu na kuwaasi, wamekwisha kuua mabilioni ya watu, na binadamu waliobaki hawafiki hata 50,000. Ofisa Helo, ambaye mkewe ni Cylon, anazuia mpango kwa kuwaua mateka mapema, kabla hawajafikishwa mahali pa kueneza ugonjwa. Ameokoa jamii nzima kwa kuwaua wagonjwa waliokuwa chini ya ulinzi, na sijapata kikao ambacho kilikubaliana juu yake. Picard naye anaacha mpango wake baada ya kijana yule, ambaye wamempa jina la Hugh, kukataa kushiriki katika kumteka rafiki yake na kuanza kusema "mimi". Mwaka uliofuata Borg wanarudi na kuua, na mkubwa wa Picard, Nechayev, anamwambia waziwazi kwamba akipata nafasi nyingine aitumie. Swali lililomo katika maneno ya Nechayev lina uzito: waliokufa baadaye watahesabiwa kwa nani? Jibu langu ni kwamba watahesabiwa kwa aliyewaua. Lakini nimewasikia watu wenye busara wakijibu vingine, na haifai mwendeshaji kuwanyamazisha.

Wanaosema kwamba kusita ni udhaifu waonyeshe namna Deep Space Nine inavyomaliza vita vyake. Odo, ambaye ni wa jamii ile iliyoambukizwa lakini amesimama upande wa binadamu na washirika wao, anamponya kiongozi wa adui kwa kujiunga naye. Kiongozi huyo anaamuru majeshi yake yaweke silaha chini na anakubali kushtakiwa kwa makosa ya vita. Vita vilimalizika kwa sababu alibaki mtu wa kusalimu amri, na alibaki mtu wa kumwamini.

Ahadi na mateka

Jambo hili huchukua muda mfupi, kwa kuwa sheria yake iko wazi. Mikataba ya Geneva ya 1949 inamlinda aliyeweka silaha chini, na Ibara ya 25 ya Katiba ya Kenya inaiweka haki ya kutoteswa miongoni mwa haki zisizoweza kupunguzwa kwa hali yoyote. Onyesha kipindi cha msimu wa kwanza wa Battlestar Galactica ambamo mateka wa Kicylon, Leoben, anazamishwa kichwa katika ndoo ya maji ili aseme, kisha rais anamwahidi usalama na baada ya kupata alichotaka anaamuru arushwe nje ya chombo. Mwezi Machi 2009 Umoja wa Mataifa uliwaalika watengenezaji na waigizaji wa tamthilia hiyo New York kuzungumzia mambo ya haki za binadamu yaliyomo humo, kwa hiyo anayedhani kwamba haya ni mchezo tu wa watoto na ajue kwamba wengine wameyachukua kwa uzito.

Kipindi cha Doctor Who cha Krismasi ya 2005 kinafaa kulinganishwa nacho. Sycorax wameshindwa na wanaondoka kwa mapatano, na Waziri Mkuu wa Uingereza anaamuru chombo chao kilipuliwe kikiwa njiani. Kuwa makini hapa, kwa sababu sheria za vita hazimlindi kila anayerudi nyuma, maana jeshi linalorudi nyuma linaweza kujipanga upya. Ubaya wa amri ile uko katika kuvunja mapatano.

Kuendesha kikao hapa kwetu

Hadithi hizi zina umbali, na umbali huo ndio faida yake. Mji huu umepata kuumia. Likoni mwaka 1997 watu waliitwa wageni wakafukuzwa na kuuawa, na katika ukumbi wako wanaweza kuwamo waliofukuzwa pamoja na jamaa za waliokamatwa kwa kushukiwa. Usimlazimishe yeyote kulinganisha kiumbe wa skrini na jirani yake. Akilinganisha mwenyewe, msikilize mpaka amalize, kisha umuulize alichokiona katika tamthilia kilichomkumbusha hayo, ili mazungumzo yarejee mahali ambapo wote wanaweza kushiriki.

Utahitaji uangalifu huo zaidi ukionyesha hadithi ya Doctor Who ya 1970 kuhusu Silurian, viumbe walioitawala dunia kabla ya binadamu, wakalala chini ya ardhi, na wakaamka kuwakuta binadamu wamejenga juu yao. Pwani ambapo swali la nani mwenye ardhi halijapoa, kikao kinaweza kugeuka haraka kuwa mabishano ya hati na mashamba. Mimi huionyesha kwa watu wazima tu, tena baada ya wao kuzoeana.

Zoezi la mwisho ni la kuandika. Wagawe washiriki katika makundi ya watu wanne au watano, na kila kundi liandike amri ya kamanda isiyozidi ukurasa mmoja, itakayosomwa kwa askari kabla ya kukutana na adui wa kipindi mlichokitazama. Amri ieleze nani anaweza kupigwa na nani hawezi, majeruhi wa adui atafanyiwa nini, silaha gani hazitatumika hata kama tunashindwa, na ni ishara gani itakayohesabiwa kuwa adui amesalimu amri. Kifungu hicho cha mwisho ndicho kinachowachelewesha zaidi. Adui wa Janus VI hakuwa na mikono ya kuinua wala bendera nyeupe. Alichoma maneno machache juu ya mwamba, nayo hayakueleweka vizuri hata baada ya kusomwa. Makundi yakimaliza, amri zisomwe kwa sauti mbele ya yule wakili wa adui, naye awe na haki ya kuuliza swali moja tu kwa kila kundi: kwa amri hii mliyoiandika, mimi nisiyejua lugha yenu nitafanya nini ili msinipige? Kundi lisiloweza kumjibu lirudi likaandike tena, na vikao vijavyo vianze kwa kusoma amri hizo zilizosahihishwa kabla ya kuwasha skrini.